KWA NINI PEMBETATU HULIFANYA DARAJA LIWE IMARA



Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tunaijua mito yetu. Karanga, Weruweru, Kikafu, Rau na vijito vingi vidogo hushuka kutoka mlimani. Kiangazi, mtoto huvuka kijito kwa kukanyaga mawe. Lakini masika, kuanzia Machi hadi Mei, kijito hicho hicho hunguruma. Watoto hawafiki shuleni. Ndizi za kupeleka sokoni Moshi huivia nyumbani. Mgonjwa naye hukwama ng'ambo.

Basi tunafanyaje? Mara nyingi tunalaza magogo mawili, tunapigilia mbao juu yake, tunasema daraja tayari. Mwanzoni ni zuri. Baadaye magogo hupinda katikati. Siku moja gogo huvunjika, na huenda mtu yuko juu yake.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuipa miti nguvu zaidi kwa kuipanga vizuri. Siri yake ni umbo la pembetatu.

Tujaribu kwa mikono yetu

Tafuta vijiti saba vinavyolingana, kila kimoja urefu wa shibiri moja. Tafuta na misumari midogo.

Kwanza, chukua vijiti vinne. Vipigilie viwe fremu ya pembe nne. Kila pembe iwe na msumari mmoja tu. Sasa shika upande wa chini, sukuma pembe moja ya juu. Umeona? Fremu imelala upande. Hakuna kijiti kilichovunjika, lakini umbo limeharibika.

Pili, chukua vijiti vitatu vilivyobaki. Vipigilie viwe pembetatu. Sukuma tena. Safari hii fremu haiendi popote. Ukizidisha nguvu, kijiti kitavunjika au msumari utang'oka, lakini pembetatu hailali.

Tatu, rudi kwenye ile fremu ya pembe nne. Inyooshe, halafu pigilia kijiti kirefu zaidi kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kijiti hicho tunakiita mshazari. Sukuma. Kumbe sasa imekaza! Mshazari umeigawa fremu ikawa pembetatu mbili.

Kwa nini iwe hivyo?

Katika fremu ya pembe nne, pembe zinaweza kufunguka na kufumba, na vijiti vikabaki na urefu ule ule. Katika pembetatu haiwezekani. Ukitaka kufungua pembe moja, lazima kijiti kinachoikabili kirefuke. Ukitaka kuifumba, lazima kijiti hicho kifupike. Na mti haurefuki wala haufupiki kwa urahisi. Kwa hiyo kila kijiti kinailinda pembe inayokitazama.

Kuna jambo la pili. Chukua kijiti chembamba ukipinde juu ya goti. Mara moja kinavunjika. Chukua kingine cha aina ile ile, shika ncha zake mbili, ukivute. Utavuta mpaka uchoke. Mti ni dhaifu ukipindwa, lakini una nguvu sana ukivutwa. Hata ukisukumwa kutoka nchani unavumilia, mradi usiwe mrefu na mwembamba.

Gogo lililolazwa mtoni hupindwa na kila anayepita. Lakini vijiti vya pembetatu, mzigo ukiwekwa kwenye maungio yake, havipindwi. Vingine husukumwa, vingine huvutwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo mti huiweza.

Mambo haya tunayo nyumbani

Tazama shambani. Mgomba ukibeba mkungu mzito, tunaufanyaje? Tunachukua miti miwili, tunaifunga karibu na juu, tunaitanua chini na kuutegemeza mgomba. Miti hiyo miwili pamoja na ardhi ni pembetatu. Wazee walifanya hivyo bila kusoma somo hili.

Tazama na kenchi ya nyumba ya bati. Kuna mbao mbili za mteremko, boriti ya chini, na nguzo fupi ya katikati. Wengi hudhani nguzo hiyo inalisukuma paa juu. Sivyo. Katika kenchi ya namna hiyo, nguzo ya katikati imening'inia kutoka kileleni, nayo inaishikilia boriti isibonyee. Na boriti ya chini huvutwa, kwa sababu mbao za mteremko zinataka kutanuka na kusukuma kuta nje. Kwa hiyo usikate boriti ya kenchi ili kupata nafasi ya kuhifadhi mahindi. Ukiikata, umefungua pembetatu, na ukuta utaanza kutoka nje.

Kutoka kenchi hadi daraja

Daraja dogo la miguu laweza kujengwa kama kenchi. Gogo la chini huvuka kijito. Miti miwili ya mshazari hupanda kutoka ncha za gogo na kukutana juu. Nguzo hushuka kutoka pale juu na kulishika gogo katikati, kwa bolti au kwa chuma. Fremu moja hukaa kushoto, nyingine kulia, na watu hupita katikati.

Sasa tufuate mzigo. Mtu akisimama katikati ya daraja, gogo linataka kubonyea. Nguzo inalishika, nayo inavutwa. Nguzo inaivuta ile miti ya mshazari, nayo inasukuma kuelekea kwenye kingo. Gogo la chini linazuia ncha zisitanuke. Uzito unaishia kwenye kingo za mto, na kila mti umefanya sehemu yake.

Mto ukiwa mpana, mafundi hupanga pembetatu nyingi mfululizo. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mwingereza Donald Bailey alibuni daraja la vipande vya chuma vyenye mishazari ndani yake. Kipande kimoja kiliweza kubebwa na watu sita. Madaraja ya namna hiyo bado hutumika pale maji yanapobomoa barabara.

Hata jirani zetu wa Kenya walifanya kazi hiyo kwa mbao. Miaka ya 1970, Idara ya Misitu ya huko ilitengeneza daraja la fremu za mbao za pembetatu, zinazounganishwa moja baada ya nyingine, na vyuma upande wa chini panapovutwa. Baadaye shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, lilieneza ujuzi huo katika nchi nyingine.

Mambo ya kuangalia

Pembetatu peke yake haitoshi. Angalieni haya:

1. Kingo. Maji yakichimba chini ya misingi, daraja huanguka hata kama fremu ni nzima.

2. Maungio. Nguvu zote hupita hapo. Bolti ni bora kuliko misumari mitupu.

3. Mbao. Kagueni kuoza na mchwa kila mwaka kabla ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Vipimo. Unene wa mti na urefu wa daraja si mambo ya kukisia. Serikali ya kijiji imwone mhandisi wa halmashauri au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017.

Daraja la magogo mawili likianguka hatulaumu mvua tu. Tujiulize pia kama tuliipanga miti yetu ifanye kazi inayoiweza.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini fremu ya pembe nne hulala, lakini pembetatu hailali?

2. Katika kenchi, boriti ya chini inavutwa au inasukumwa?

3. Nenda katazame lango la boma lako. Je, lina mshazari? Kama limelala, utalitengenezaje?

4. Ni kivuko gani kijijini kwenu kinachohitaji daraja kabla ya masika? Kijadilini katika mkutano wa kitongoji.