Kula Vizuri Kati ya Iringa na Mbeya: Mbinu za Kuepuka Mlo wa Kusikitisha

Mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vya Njombe na Uyole, ndizi na parachichi za Rungwe, vitunguu na nyanya za Ilula, samaki wa Mtera na wa Ziwa Nyasa: Nyanda za Juu Kusini hulisha watu hadi Dar es Salaam. Ndiyo maana inauma kumwona msafiri, au familia iliyotoka matembezi ya Jumapili, imeketi kwenye baa ya kando ya barabara kuu, imezungukwa na neema yote hiyo, halafu inaletewa wali uliopoa, maharage magumu na nyama isiyotafunika. Wanakula nusu, wanalipa yote, wanaondoka kimya.

Mlo kama huo mara nyingi huwa na chanzo kimoja kati ya vitatu. Mlaji ameagiza kitu ambacho jiko halikuwa limejiandaa kukipika. Au amefika saa ambayo jiko limeishiwa. Au ameliona kosa mapema, lakini akakaa kimya mpaka likawa halirekebishiki. Vyote vitatu viko mikononi mwako wewe unayekula.

1. Ijue saa ya jiko

Baa na hoteli nyingi za Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole zina ratiba yao, hata kama haijaandikwa ukutani. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi ni wakati wa supu na chapati. Supu imechemka tangu alfajiri, na nyama yake ni laini kuliko utakayoipata saa nyingine yoyote. Kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana ni wakati wa wali, ugali, maharage, mboga na mchuzi. Jiko la nyama choma huchangamka kuanzia saa 10 jioni, moto ukiwa umekolea na wateja wengi.

Saa ya hatari ni saa 9 alasiri. Wali wa mchana umekwisha au umebaki ukoko, na mkaa wa jioni bado haujashika. Ukifika saa hiyo, usiagize kilichobaki. Agiza kitakachoanzia kwenye ubichi mbele yako: chipsi mayai, mayai ya kukaanga na chapati, au samaki wa kukaanga ikiwa umeonyeshwa samaki mwenyewe. Kabla ya kuagiza cha kukaanga, tazama karai. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu na harufu kali, yamekwisha kukaangia vingi, na yataharibu hata kiazi kizuri cha Uyole.

Abiria wa basi ana dakika chache tu. Kwake, kuku wa kuagiza ni mtego. Achukue kinachofuka mvuke ndani ya hotpoti, mayai ya kuchemsha, viazi au mahindi ya kuchoma.

2. Uliza kilichopikwa leo

Menyu ndefu isikudanganye. Jiko lenye meko mawili haliwezi kuwa na vyakula arobaini tayari, na kila unachochagua ambacho hakijaandaliwa kitakugharimu muda, kisha kitaletwa kwa haraka kikiwa nusu kimeiva. Ukiuliza, "Mna nini?" utasomewa orodha yote. Uliza hivi: "Dada, leo mmepika nini?" Kisha ongeza: "Kipi kimetoka motoni sasa hivi?" Mhudumu mwema atakuambia ukweli, maana naye hapendi kurudishiwa sahani.

Salamu ifungue mazungumzo. Ukiwa Iringa, "Kamwene" itapokewa kwa tabasamu. Ukiwa Tukuyu au Kyela, "Ndaga" ya kushukuru ina uzito wake. Mtu aliyesalimiwa vizuri huingia jikoni kukutazamia, wala hajibu tu akiwa kaunta.

Agiza kinachotoka jirani. Rungwe, ulizia ndizi za kupikwa, za nyama au za maziwa. Kyela, ulizia wali na samaki wa ziwani, mbasa akiwepo. Iringa, ulizia samaki wa Mtera, na umtazame kabla hajaingia kwenye mafuta: macho yawe maangavu, mashavu yawe mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza. Chakula cha jirani hakijasafiri, na mpishi amekizoea tangu utotoni. Hapo ndipo jiko la kawaida linapofanya kazi nzuri kuliko hoteli kubwa.

Kuku wa kienyeji ana kanuni yake. Kama bado yuko bandani, kuchinja, kunyonyoa, kuchemsha na kumalizia kwa moto huchukua zaidi ya saa nzima. Piga simu kabla ya kuondoka nyumbani, taja idadi ya watu na saa mtakayofika. Kama hukupiga simu, uliza ikiwa amekwisha chemshwa. Ukijibiwa "bado" na watoto wana njaa, waagizie wali na maharage kwanza.

3. Kumbuka mwinuko na baridi

Hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani huwa hawalifikirii. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa mjini takribani 1,600. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwenye joto dogo zaidi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya na Iringa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Sufuria inatokota kama kawaida, lakini joto lililomo ni pungufu, kwa hiyo maharage, makande na nyama ya mchemsho huhitaji muda mrefu zaidi.

Hii ndiyo sababu mgeni anakutana na maharage magumu mahali penye maharage mazuri, katika mkoa ambao kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa aina zinazobeba jina lake, kama Uyole 94 na Uyole 96. Mbegu haina tatizo. Jiko liliwahisha kuepua, au halikuloweka maharage usiku. Uliza, "Maharage yaliwekwa motoni saa ngapi?" Yakiwa ya tangu asubuhi, au yamepikwa kwa sufuria ya presha, agiza. Yakiwa ya saa moja iliyopita, chagua mboga za majani.

Baridi nayo ina hesabu yake, hasa Juni na Julai. Sinia la nyama ya mbuzi likiwekwa mezani nje jioni, mafuta huanza kuganda kabla hamjafika katikati. Agizeni kwa awamu: nusu kilo ije kwanza, na nusu nyingine ibaki kwenye jiko mpaka mtakapoiita. Omba ugali uje ukiwa umefunikwa, na ukae ndani au karibu na jiko. Hakuna anayekutoza kwa hilo, nalo huokoa mlo mzima.

4. Nyama: tazama, pima, kubaliana

Nyama choma ni chakula cha macho kwanza. Usiagize ukiwa kwenye kiti. Inuka, nenda kwenye bucha la baa, uchague kipande. Ubavu na mguu wa mbuzi huchomeka vizuri. Shingo na vipande vyenye kano nyingi viende kwenye mchemsho. Tafuta mhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye mzoga.

Kisha tazama mizani. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara na kubandika stika. Sindano ianzie sifuri kabla nyama haijawekwa. Nyama ya ng'ombe vilevile: ipimwe mbele yako.

Elewa pia kwamba nyama hupungua motoni. Kilo moja mbichi inaweza kupoteza robo yake au hata theluthi, kwa sababu maji na mafuta hutoka, na mifupa imo ndani ya kipimo. Familia ya watu wanne wanaokula nyama pamoja na ugali na mboga itatosheka na kilo moja na nusu. Ukijua hivyo, hutamshuku mchomaji bure sinia litakapofika, na ukipunjwa kweli utajua.

Kabla moto haujashika nyama, kubaliana mambo matatu kwa sauti: bei ya kilo, kama bei hiyo ni pamoja na kuchoma, kachumbari na ndizi, au ni nyama peke yake, na muda wa kusubiri. Ugomvi mwingi wa bili huzaliwa kwenye swali la pili ambalo hakuna aliyeliuliza. Kachumbari omba ikatwe wakati nyama inakaribia kuiva, kwa mboga zilizooshwa kwa maji safi.

5. Kitimoto kiive kabisa

Nguruwe, au kitimoto, ni kitoweo kinachopendwa sana Iringa na Mbeya, na hapa sitanii wala kulegeza. Watafiti wameandika kwa miaka mingi kuhusu tegu wa nguruwe katika vijiji vya Mbeya na vya Mbozi, wilaya ambayo tangu 2016 iko Mkoa wa Songwe. Lava wake hukaa ndani ya nyama kama vijifuko vyeupe vya milimita 5 hadi 10. Mtu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva, mnyoo hukua tumboni mwake. Mayai ya mnyoo huyo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kuingia kwenye chakula au maji, yanaweza kuleta lava kwenye ubongo na kusababisha kifafa.

Kinga yake ni rahisi. Nunua nyama iliyokaguliwa, omba ikatwe vipande vidogo, na pasua kipande kinene kabla ya kula. Ndani kusiwe na wekundu wala maji ya damu. Kama kuna shaka, omba rosti badala ya choma, maana rosti huiva mpaka ndani. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, yako na ya anayekata nyama.

Kuhusu kinywaji, ukiwa vijijini Iringa au Njombe wakati wa mvua utakaribishwa ulanzi, utomvu wa mianzi. Wa siku hiyo ni mtamu na mwepesi. Uliokaa huitwa mkangafu, nao ni pombe kamili. Uliza ni upi, na anayeendesha gari kuelekea mlima Kitonga asiuguse.

6. Ukikosewa, sema mapema

Wengi wetu tumelelewa tuone aibu kurudisha chakula. Aibu hiyo haimsaidii mpishi wala mlaji. Sahani iliyorudi ikiwa imeliwa theluthi mbili haiwezi kurekebishwa, na mwenye baa ana haki ya kuuliza mbona ulikula. Sema baada ya tonge la kwanza au la pili.

Jumapili moja, kwenye baa ya kijijini kusini mwa Iringa, mzee mmoja meza ya jirani aliletewa mbuzi mgumu. Hakupandisha sauti. Alimwita mhudumu: "Mwanangu, njoo. Hii nyama ni nzuri ila bado haijaiva. Mpelekee kaka jikoni airudishe kwenye moto, na ile iliyobaki muichemshe kidogo kwanza." Binti akajibu, "Samahani sana, baba, naipeleka sasa hivi." Nyama ikarudi laini, na aliyeileta alikuwa mchomaji mwenyewe.

Mzee yule alifanya mambo manne. Alisema mapema. Alitaja kosa moja kwa usahihi. Alieleza anachotaka kifanyike. Na alimwachia binti heshima yake, kwa kuwa binti hakuichoma nyama ile. Fuata njia hiyo hiyo. Mhudumu asipoweza, omba kwa upole kumwona msimamizi. Chagua ombi moja kati ya matatu: kirekebishwe, kibadilishwe, au kisiingizwe kwenye bili. Usiombe yote kwa pamoja.

Jambo moja halina upatanisho: chakula kilichochacha, chenye harufu mbaya, au kuku aliye mbichi ndani. Hicho usikubali kipashwe moto. Kiache, na usikilipie.

7. Bili, risiti na neno la mwisho

Soma bili mstari kwa mstari, ulinganishe na mlichokubaliana. Dai risiti ya mashine. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, na kwako ni ushahidi wa ulikula wapi, lini na kwa kiasi gani. Mtu akiugua baada ya mlo, nenda kituo cha afya kwanza, kisha mweleze afisa afya wa kata au wa halmashauri ukiwa na risiti hiyo. Kosa la viwango vya chakula huangukia pia mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililopokea kazi hiyo mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA).

Na ukila vizuri, sema pia. Ingia jikoni umshukuru mpishi, mtaje kwa mwenye baa, waelekeze wasafiri wenzako kwake. Mwenye jiko akijua kwamba wateja wanaona tofauti kati ya maharage yaliyolowekwa na yasiyolowekwa, atayaloweka kila usiku. Akijua wanapita kimya tu, hana sababu ya kuhangaika. Jiko la barabarani hupika kwa kiwango ambacho walaji wake wanakidai, kwa hiyo dai chakula kinacholingana na mashamba uliyoyapita njiani.