Moshi Ukiisha, Gesi Haijaisha: Hesabu ya Jiko la Mkaa

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu tunaojiandaa kwenda mazoezini, kuna swali linatusubiri huko madarasani: "Mwalimu, hii kusawazisha milinganyo inatusaidia nini?" Ukijibu kwamba inatoka kwenye mtihani, umeshampoteza mwanafunzi. Mimi ningemjibu kwa jiko la mkaa, maana analo nyumbani, na sisi tunaokaa mageto tunalo pia.

Tuanze na msingi. Mlinganyo wa kikemikali ni daftari la mapato na matumizi ya atomu. Katika mmenyuko atomu haipotei wala haiongezeki, inabadili majirani tu. Mfaransa Antoine Lavoisier alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1789: uzito unaoingia ndio unaotoka. Kwa hiyo tunaposawazisha tunabadili namba ya mbele, kamwe hatugusi ile ndogo ya chini. Ukiigusa umebadili kitu chenyewe. CO₂ tunaitoa kila tunapopumua. CO ni sumu. Tofauti yao ni atomu moja ya oksijeni.

Aina za mimenyuko nazo zisitutishe. Muungano: vitu viwili vinakuwa kimoja. Mtengano: kimoja kinavunjika, kama mawe ya chokaa yanapochomwa tanuruni, CaCO₃ → CaO + CO₂. Uhamisho: msumari wa chuma ukitumbukizwa kwenye salfeti ya shaba, chuma kinaifukuza shaba na kukaa mahali pake. Ubadilishano: asidi na besi zinapeana washirika, tunapata chumvi na maji.

Sasa rudi kwenye jiko. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, na ndani ya jiko moja kunatokea haya:

C + O₂ → CO₂
2C + O₂ → 2CO
C + CO₂ → 2CO

Wa kwanza unahitaji oksijeni ya kutosha. Wa pili hutokea oksijeni inapopungua. Wa tatu ndio mjanja: CO₂ iliyokwisha kutengenezwa inapita katikati ya makaa mekundu na kugeuka CO. Ile miali ya bluu unayoiona juu ya makaa ni CO inayoungua. Isiyoungua inaingia chumbani, haina rangi wala harufu.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Jiko linawashwa nje, moshi ukiisha linaingizwa ndani: "limeshakolea, halina shida." Hivi, moshi na CO ni kitu kimoja? Hapana. Moshi unaisha, mlinganyo unaendelea.

Tupige hesabu. Moli moja ya kaboni ni gramu 12. Ya CO ni gramu 28. Tuseme, kwa mfano, kati ya mkaa wote uliowaka usiku gramu 50 tu za kaboni zimegeuka CO. Hizo ni moli 50 ÷ 12, yaani 4.2 hivi. Kila moli ya kaboni inatoa moli moja ya CO, kwa hiyo tuna moli 4.2 za CO, sawa na gramu 117.

Geto la mita 3 kwa 3, lenye urefu wa mita 2.5 kwenda juu, lina mita za ujazo 22.5 za hewa. Mita moja ya ujazo ina kilo 1.2 hivi, jumla kilo 27, ambazo ni takribani moli 930. Gawanya 4.2 kwa 930: unapata karibu asilimia 0.45. Kama chumba kimefungwa kabisa, hewa ya namna hiyo inaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa moja. Wala oksijeni haijaisha. Bado imejaa chumbani. Tatizo ni kwamba CO inaishika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo unapumua lakini mwili haupati.

Gramu 50 ni vipande vichache vya mkaa, bana.

Kwa hiyo pikia nje. Usiliingize jiko ndani ili maharage yamalizikie, wala kuota moto wakati wa baridi, na kufungua kidirisha si kinga ya kutosha. Mkiwa chumbani na jiko, kichwa kikaanza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikafuata, msiseme ni uchovu wa kupiga msuli. Tokeni nje wote, kisha hospitali.

Na siku ukisimama mbele ya kidato cha tatu, andika milinganyo ile mitatu ubaoni, uwape vipimo vya chumba, uwaache wakokotoe wenyewe. Jibu watakalolipata watakwenda nalo nyumbani, na huko ndiko jiko liliko.