TELEKOMANDE MOJA KWA VYOMBO VYOTE
(Somo la elektronike)



Tangu mkutano wa wazazi wengi wanatuuliza: "Ile telekomande mpya ya sale kubwa, muliipanga namna gani?" Wengine wanaleta ulizo lenye kuuma zaidi: "Sababu gani siku ile sauti ilikosekana?" Leo tunajibu maulizo yote mawili. Asiye na televizyo kwao asiruke ukurasa huu. Fundi anajifunza kwanza, kazi inamkuta amekwisha kujua.

1. HABARI YENYEWE

Katika sale kubwa tuko na vyombo vitatu: televizyo, dekoderi, na amplifikateri yenye bafle mbili. Kila chombo kilikuja na telekomande yake. Ile ya dekoderi ilikanyagwa na mtu. Ile ya televizyo inatumika bado, lakini mabuto ya sauti yamekwisha kufa. Basi tukanunua sokoni telekomande moja ya vyombo vyote, ile wanaita universeli. Tuliipanga mbio mbio, siku moja mbele ya wazazi kufika.

Siku yenyewe tulifinya buto moja mbele ya watu wote. Televizyo ikawaka, picha ikatoka, lakini bafle zikanyamaza kimya. Mmoja akasema: "Ile amplifikateri ilisha kufa!" Kesho yake ilikuwa ndani ya kartoni, tayari kupelekwa kwa fundi mjini. Feza ya kuipimisha ilipashwa kutoka katika sanduku ya darasa letu, ile tuliyochanga franka kwa franka kwa kununua vyombo vya mazoezi. Kumbe amplifikateri ilikuwa nzima kabisa. Sisi wenyewe tuliizimisha. Namna gani? Mutaona katika sehemu ya 5, lakini kwanza mujue telekomande ni kitu gani.

2. TELEKOMANDE INASEMA NAMNA GANI

Angalieni kichwa cha telekomande. Kuna ampuli ndogo pale, kama mbegu ya haragi. Ukifinya buto inawaka, lakini macho yako hayaoni kitu. Macho ya mtu yanaona mwangaza wa nanometre 400 mpaka 700 hivi. Ampuli ile inatoa mwangaza wa 940 hivi, unaopita rangi nyekundu. Tunauita infraruji.

Jua nalo linatoa infraruji, na taa zingine vilevile. Basi televizyo inajua namna gani kama ni telekomande ndiyo inasema? Ni kwa sababu ampuli haiwaki na kutulia. Inawaka na kuzimika mara 36.000 mpaka 40.000 katika sekunde moja; telekomande nyingi zinatumia 38.000. Jicho la televizyo linatafuta mwendo ule tu, mengine linayaacha. Watu wa kwanza hawakuwa na akili hiyo. Mwaka 1955 kampuni Zenith ya Marekani iliuza telekomande ya Eugene Polley, jina lake Flash-Matic, iliyotumika kwa mwangaza wa kawaida kama tochi. Jua likiingia dirishani, televizyo ilianza kujigeuza yenyewe! Mwaka 1956 Robert Adler, wa kampuni ile ile, akaleta nyingine iliyotumia sauti nyembamba isiyosikika kwa masikio ya watu. Infraruji ilikuja nyuma, ikashinda zote.

Ndani ya mwendo ule telekomande inapeleka habari kama ngoma ya zamani: kupiga na kunyamaza, moja na ziro. Tuchukue mfano wa lugha iliyotungwa na Philips, inayoitwa RC-5. Kila neno lake liko na alama 14:

- alama 2 za kwanza zinasema: "Sikiliza!"
- alama 1 inageuka kila mara unapoacha buto na kuifinya tena, kusudi chombo kijue kama ulifinya mara mbili ao ulishikilia mara moja;
- alama 5 ni jina la chombo (0 ni televizyo, 5 ni video ya kaseti);
- alama 6 ni kazi (12 ni kuwasha na kuzimisha, 16 ni kupandisha sauti, 17 ni kuishusha).

Fanyeni hesabu: alama 5 zinatoa majina 32, alama 6 zinatoa kazi 64. Neno zima linapita katika milisekunde 25 hivi.

Kampuni zingine zilitunga lugha zao. Lugha ya NEC ya Japani iko na alama 32: inataja jina la chombo, kisha inalirudilia kinyume, kila ziro inakuwa moja na kila moja inakuwa ziro, kwa kazi inafanya vilevile. Chombo kinalinganisha, na kama hazipatani kinakataa.

Basi telekomande ya marke moja mbele ya televizyo ya marke ingine ni kama mtu anayesema Tshiluba mbele ya yule anayejua Kinande peke yake. Universeli ni mtu aliyebeba kamusi nyingi mgongoni. Kuipanga ni kumwonyesha kamusi gani afungule kwa kila chombo.

Lakini shikeni neno hili moja, maana ndilo somo lenyewe: TELEKOMANDE HII INASEMA, HAISIKII. Televizyo haiijibu. Haijui kama chombo kimewaka ao kimezimika. Anayejua ni wewe.

3. MBELE YA KUANZA

a) Weka majiwe mapya mawili ya namna moja. Usichanganye jipya na la zamani.

b) Pima kama ampuli inawaka. Elekeza telekomande kwa kamera ya telefone na finya buto: katika kioo cha telefone utaona mwangaza mweupe-mweupe wa zambarau. Tumia kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, kwa sababu ya nyuma mara nyingi imewekewa kitu cha kuzuia infraruji. Usipoona kitu hata kwa kamera ya mbele, anza na majiwe.

c) Andika marke ya kila chombo na namba iliyo nyuma yake.

d) Tunza karatasi ya makode. Wengi wanaitupa pamoja na plastiki, kisha wanalalamika.

4. NAMNA TATU ZA KUIPANGA

Mabuto hayaitwi jina moja kwa telekomande zote, lakini njia ziko tatu.

A. KWA KODE. Washa chombo kwa mkono. Shikilia buto ya SET (ao SETUP) mpaka taa ndogo ionyeshe kama iko tayari. Finya buto ya chombo: TV, DVD, AUDIO ao ingine. Andika kode ya marke yako kutoka kwenye karatasi; zingine ziko na tarakimu tatu, zingine nne ao tano. Taa ikikubali, jaribu. Marke moja inaweza kuwa na makode kumi na zaidi, kwa maana kampuni ilibadilisha lugha yake miaka kwa miaka. Jaribu moja moja kwa utaratibu, na weka alama kwa zile zilizokataa.

B. KWA KUTAFUTA. Kama marke haiko katika karatasi, telekomande inaweza kutafuta yenyewe. Inapeleka "Zimika!" katika kila lugha inayojua, moja nyuma ya ingine. Wewe unaielekeza kwa chombo na unangoja. Chombo kikizimika tu, acha buto ao finya ile ya kukubali, upesi! Ukichelewa, inapita. Kazi hii inaweza kuchukua dakika nyingi. Usichoke kati ya njia.

C. KWA KUFUNDISHA. Telekomande zingine zinajua kujifunza. Weka vichwa viwili vikitazamana juu ya meza, vitengane sentimetre chache, mbali na jua. Unaambia mpya: "Jifunze buto hii." Kisha unafinya buto ile kwa telekomande ya zamani, mpya inaangalia mwendo wake na kuuweka kichwani. Unafanya hivi buto kwa buto. Njia hii inafaa sana kwa dekoderi, ambazo mara nyingi hazionekani katika makaratasi. Lakini muone: inadai telekomande ya zamani iwe hai. Sisi tulikawia mpaka ile ya dekoderi ilipokanyagwa, ikatubidi kutumia njia B jioni mzima. Mwalimu afundishe angali hai!

KOSA LETU LA KWANZA. Televizyo ilipozimika tulipiga makofi, tukasema kazi imekwisha. Kumbe kode ile ilijua kuwasha na kuzimisha tu, mabuto ya kuchagua njia ya picha hayakuitika. Makode mengine yanafanana kwa buto moja na kutofautiana kwa zote zingine. Kwa hiyo jaribu kila mara mabuto matano: kuwasha, sauti, shene, menyu, na ile ya kuchagua njia ya picha.

KOSA LETU LA PILI. Hatukuandika kode nzuri tulipoipata. Tulipobadilisha majiwe, telekomande ikasahau yote. Zingine zinakumbuka hata bila majiwe, zingine hapana. Siku hizi kode zetu zimeandikwa ndani ya mfuniko wa majiwe na katika kaye ya darasa.

5. SAUTI, NA BUTO MOJA YA KUWASHA YOTE

Kama bafle ziko kwa amplifikateri, hakuna faida mabuto ya sauti yaongoze televizyo. Universeli nyingi zinakubali kufunga mabuto ya sauti kwa chombo kimoja: hata ukiangalia dekoderi, sauti inakwenda kwa amplifikateri. Fanya hivi, na shusha sauti ya televizyo yenyewe mpaka ziro.

Zingine ziko tena na buto moja inayopeleka amri nyingi zikifuatana: washa televizyo, washa dekoderi, washa amplifikateri. Hapa ndipo tulianguka. Kumbukeni kazi ya 12 katika RC-5: ni kuwasha NA kuzimisha. Neno ni moja tu. Chombo kilichozimika kinawaka, kilichowaka kinazimika. Tazameni siku ile:

Televizyo: ilikuwa imezimika. Ikasikia amri. IKAWAKA.
Dekoderi: ilikuwa imezimika. Ikasikia amri. IKAWAKA.
Amplifikateri: ilibaki ikiwaka tangu mazoezi ya wale wa koro. Ikasikia amri ile ile. IKAZIMIKA.

Telekomande ilifanya kazi yake bila kosa. Sisi tulifinya tena, kwa uoga: sasa amplifikateri ikawaka na televizyo ikazimika! Tukafinya mara ya tatu, tukarudia pale pale, na mtu akatangaza kifo. Ni msichana mmoja wa darasa la chini aliyeuliza, wakati kartoni ilikuwa mlangoni: "Kama ilisha kufa, ile taa nyekundu iliwaka juu ya nini?" Hakuna aliyemjibu. Tukairudisha mezani, tukafinya buto yake yenyewe kwa mkono, na bafle zikasema. Sanduku ya darasa ilipona.

Dawa ziko tatu:
- Mwisho wa kazi, mtu mmoja anazimisha vyombo vyote na anahakikisha kwa macho yake.
- Vyombo vingine viko na maneno mawili tofauti, moja la kuwasha tu na lingine la kuzimisha tu. Ukiyapata katika makode, tumia hayo.
- Vyombo vya siku hizi vilivyounganishwa kwa kamba ya HDMI vinaweza kuzungumza vyenyewe. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita BRAVIA Sync. Unaifungula katika menyu. Chombo kimoja kikiwaka, kinaamsha kingine.

6. IKIKATAA KABISA

Ondoa kitu kilichosimama mbele ya jicho la chombo: kitambaa, vumbi, karatasi. Funga pazia kama jua linapiga pale. Ikikataa bado, soma namna ya chombo. Vidude vingine vya kuchomeka nyuma ya televizyo havina jicho la infraruji, vinasikia Bluetooth. Mbele ya hivyo telekomande hii ni kama mtu anayepungia kipofu mkono. Usinunue ya pili na ya tatu. Kosa halitoki kwa telekomande.

TUKUMBUKE
1. Chombo kimoja kwanza, kisha kingine.
2. Jaribu mabuto matano, si moja.
3. Andika kode mahali pawili.
4. Mbele ya kusema "ilisha kufa", angalia taa na finya kwa mkono.

MAULIZO
1. Kama lugha moja iko na alama 7 kwa kazi, inaweza kutaja kazi ngapi?
2. Televizyo inawaka, dekoderi na amplifikateri zimezimika. Ukifinya buto ya yote mara moja, nini kinatokea? Mara mbili je? Fasiria namna ya kutoka katika shida hii bila kutumia buto ile.
3. Sababu gani Flash-Matic ilisumbuliwa na jua, na telekomande yetu hapana?

Leteni majibu kwa meza ya darasa la elektronike. Atakayejibu vizuri ulizo la pili atapewa telekomande mkononi siku ya mkutano ujao, mbele ya wazazi wote.