Ghadhabu ya Sukari Kupungua

Aghlabu ya watu wakitajiwa maradhi ya sukari hudhani khatari yake ni sukari kuzidi tu. Kupungua kwake hawakujali, na huko ndiko kunakoweza kumgeuza mtu tabia kwa dakika chache.

Katika mwezi wa Ramadhani tulijiwa na bibi mmoja analia. Mumewe, mtu mpole, baada ya Alasiri alimtukana, akavunja sahani, akamtoa nje. Alipokwisha kufuturu alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwani nimesema nini?" Majirani walikwisha kutoa shauri apungwe pepo. Sisi tukauliza kama apiga sindano. Naam, alipiga insulini kwa kipimo chake cha siku zote, kisha akafunga.

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa ubongo huishi kwa sukari iliyomo damuni, wala hauna akiba ya kutosha. Mwenye kutumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, akikosa chakula, sukari huweza kushuka chini ya 70, au karibu 4 kwa wapimao kwa milimoli. Hapo mwili hutoa adrenalini, ile ile imtokayo mtu aliyekutana na nyoka. Moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, jasho baridi humtoka, naye huingiwa na khofu asiyojua sababu yake. Ikizidi kushuka, akili yenyewe hupungua. Hulia au hugomba, na akipewa kitu hukikataa, akisema yu mzima. Kukataa huko nako ni katika maradhi.

Basi asibishwe wala asihukumiwe. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, yaani gramu 15 hivi, apimwe tena baada ya dakika 15. Halua haifai kwa wakati huo, kwani samli huichelewesha. Akizimia asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mbio.

Ama saumu, aya ya 184 ya Suratul Baqara imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine, na asiyetarajia kupona ana njia yake ya fidia. Bwana yule aliyajua hayo. Alituambia kuwa mikono ilipoanza kumtetemeka alijua ni sukari, lakini aliona haya kunywa mbele ya wanawe. Haya hiyo tumemfundisha sisi, tunaohutubu juu ya wala-mchana bila ya kuwataja wagonjwa.

Bibi amekwisha kurudi kwake. Mumewe hakumbuki maneno aliyoyasema, na kutoyakumbuka ndiko kunakomtia uchungu zaidi. Sasa aogopa kulala, hula sana usiku ili sukari isishuke, na hivyo yazidi kupanda. Tumemwambia amweleze daktari khofu hiyo pia, si kipimo cha damu peke yake, ili atazamiwe kiasi cha sindano yake.