Somo la Robo Mwaka: Tuitunze Betri ya Kompyuta ya Usharika



Sharika nyingi sasa zina angalau kompyuta mpakato moja ofisini. Ndani yake mna orodha ya Washarika, hesabu za sadaka, taarifa za miradi na majina ya wanafunzi wanaolipiwa ada. Imenunuliwa kwa fedha za Washarika au za wafadhili, na kifaa kinachochoka mapema ndani yake ni betri. Betri ikifa, umeme ukikatika kazi ambayo mtunza hazina hajaihifadhi hupotea, na kompyuta iliyokusudiwa kwenda mitaani hulazimika kukaa karibu na soketi. Somo hili linaeleza kwa nini betri huchoka, na kamati ifanye nini ili idumu.

ASILI YA USHAURI WA ZAMANI

Karibu kompyuta mpakato zote za leo hutumia betri za lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani iliziingiza sokoni mwaka 1991. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya kuziendeleza.

Kabla yake zilitumika betri za nikeli na kadimiamu. Watumiaji walishauriwa kuziacha ziishe kabisa ndipo wazichaji, ili zisipoteze uwezo. Ushauri huo bado unarithishwa: "Usichaji mpaka iishe." Kwa betri za lithiamu haufai, kwani kuishiwa kabisa mara kwa mara huzichosha haraka.

KWA NINI BETRI HUCHOKA

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, na huandikwa kwa alama ya Wh. Betri ya wati-saa 50 kwenye kompyuta inayotumia wati 10 hudumu saa 5. Ukitumia nusu ya betri leo na nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Betri nyingi hustahimili mizunguko kati ya 300 na 500, na nyingine hadi 1,000, kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80 hivi. Hapo zile saa 5 zinakuwa 4. Huko ni kuzeeka kwa kawaida.

Mambo matatu huharakisha kuzeeka huko: joto kali, kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa, na kukaa muda mrefu ikiwa tupu. Yote matatu tunaweza kuyapunguza.

MAZOEA MEMA YA KUCHAJI

1. Chaji mapema. Betri ikifika asilimia 20 hivi, chomeka. Kwa kazi za kila siku si lazima ijae. Asilimia 80 inatosha. Siku ya safari ndefu ijaze, kisha uitumie.

2. Kompyuta inayokaa kwenye umeme siku nzima iwekewe kikomo. Kompyuta nyingi za sasa zina sehemu katika mipangilio ya kuzuia betri isipite asilimia 80. Mwombeni fundi awaonyeshe.

3. Epukeni joto. Msiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala msiitumie juu ya godoro au kitambaa kinachoziba matundu ya hewa. Joto la chumba likizidi nyuzi 35, afadhali kuhamia penye kivuli na hewa.

4. Tumieni chaja sahihi. Volti za chaja zilingane na zile zinazotakiwa na kompyuta. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue.

5. Umeme ukikatika au radi zikianza, chomoeni chaja. Umeme ukirudi, subirini utulie kwanza.

6. Ofisi ikifungwa kwa wiki kadhaa, zimeni kompyuta ikiwa na chaji ya nusu hivi. Ikiachwa tupu kwa miezi, betri inaweza kukataa kuchaji tena.

Sharika zinazotumia umeme wa jua zichaji mchana, jua likiwa kali. Kuchaji usiku hutumia akiba ya betri kubwa za sola, ambazo nazo huchoka na ni ghali.

DALILI ZA HATARI

Kitufe cha panya kikiwa kigumu kubonyeza, kifuniko kikiinuka au kompyuta ikiyumba mezani, huenda betri imevimba. Izimeni, chomoeni chaja na msiitumie tena. Msiitoboe, msiibonyeze wala msijaribu kuichaji, kwa sababu inaweza kuwaka moto. Ipelekeni kwa fundi mwenye ujuzi. Betri mbovu isitupwe motoni wala kwenye shimo la taka.

WAJIBU WA KAMATI NA WAFADHILI

Kutunza mali ni sehemu ya uwakili. Kamati imteue mtu mmoja wa kusimamia kompyuta. Kila robo mwaka apime betri na kuandika matokeo kwenye daftari la mali. Kwenye kompyuta za Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa yenye uwezo wa awali na uwezo wa sasa. Mfano: ikionyesha 50 awali na 30 sasa, imebaki asilimia 60, na ni wakati wa kupanga kununua nyingine.

Hatushauri kununua betri ya akiba mapema, kwani betri huzeeka hata ikiwa kabatini. Afadhali kutenga fedha kidogo kidogo na kununua inapohitajika, kutoka kwa muuzaji anayetoa dhamana. Wafadhili nao tunawaomba waruhusu kifungu cha matengenezo katika bajeti ya kompyuta. Betri mpya ni gharama ndogo kuliko kompyuta mpya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kompyuta ya usharika wetu ina umri gani, na betri yake hudumu saa ngapi?
2. Nani anaisimamia, na huwekwa wapi ofisi ikifungwa?
3. Je, nakala za hesabu zimehifadhiwa mahali pengine?
4. Tutenge kiasi gani kila mwezi?

Kitunze kidumu.