MIPAKA YA UCHAGUZI: KURA YA MAMBRUI YAHESABIWA WAPI?

Atokaye Malindi akishika njia ya kaskazini hulivuka daraja la mto Sabaki, na baada ya mwendo mfupi huiona Mambrui, mji wa kale wa Waswahili, wenye misikiti yake na kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mto ule hauwatengi watu katika mambo ya kila siku. Mambrui huuza na kununua Malindi, na ndugu wa ukoo mmoja wamekaa huku na huku. Lakini siku ya kuchagua mjumbe wa Bunge mto huwa mpaka. Kura ya Mambrui haitiwi katika hesabu ya Malindi. Huhesabiwa pamoja na kura za Marafa, Adu na Garashi, mahali palipo mbali barani, katika eneo la uchaguzi liitwalo Magarini. Yafaa ijulikane ni nani aliyeukata mpaka huo, na kwa kanuni gani.

Eneo la uchaguzi ni sehemu ya nchi iliyopimwa na kuandikwa kisheria, ambayo watu wake hupeleka mjumbe mmoja Bungeni. Siku hizi watu wa Kenya husema eneo bunge. Wako wasemao jimbo, ila neno hilo lina historia yake: mwaka 1963 majimbo yalikuwa sehemu kubwa za utawala, na Pwani yote ilikuwa jimbo moja. Katika kila eneo ashindaye ni yule aliyepata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake, hata kama hakupata nusu ya kura zote. Kwa sababu hiyo mahali mpaka unapopita si jambo dogo. Watu wenye shauri moja wakikatwa sehemu mbili waweza kuwa wachache pande zote mbili. Wakiachwa pamoja, humchagua mtu wao. Tena kuna jambo la uzito. Ikiwa eneo moja lina watu 100,000 na jingine lina watu 200,000, na kila moja lina mjumbe mmoja tu, basi kura ya mtu wa eneo la pili ina nusu ya uzito wa kura ya mwenzake.

Desturi hii ilitoka Uingereza, na Waingereza wenyewe walikawia sana kuinyosha. Kwa karne nyingi wajumbe wa Bunge la London walitoka katika wilaya na miji iliyopewa haki hiyo zamani, na haki ikishatolewa ilikaa palepale hata watu wakihama. Mji wa Dunwich, katika pwani ya mashariki, ulikuwa bandari kubwa. Bahari ikaula mwaka baada ya mwaka, nyumba kwa nyumba na kanisa kwa kanisa, hata kikabaki kijiji. Dunwich iliendelea kupeleka wajumbe 2 Bungeni. Old Sarum ilikuwa kilima chenye magofu, nacho kilikuwa na wajumbe 2. Mwenye ardhi ya kilima ndiye aliyeamua nani aende. Wakati huohuo Manchester, mji wa viwanda wenye watu maelfu kwa maelfu, haukuwa na mjumbe wake hata mmoja. Watu wa pwani, waijuao bahari na tabia yake, hawataona ajabu kwamba iliumeza mji; ajabu ni kwamba viti vyake havikumezwa pamoja nao.

Sheria ya 1832 iliwaondolea Dunwich na Old Sarum viti vyao, ikawapa watu wa Manchester wajumbe 2. Mwaka 1885 maeneo mengi yalikatwa upya yawe ya mjumbe mmoja mmoja, na mwaka 1944 zikawekwa Tume za kudumu ili mipaka isiachwe mikononi mwa wale wanaofaidika nayo. Kwa kipimo kilichotumiwa katika marekebisho ya 2023, kila eneo kati ya maeneo 650 ya Uingereza lilitakiwa kuwa na wapiga kura karibu na 73,393, wala lisizidi wala kupungua kwa zaidi ya 5 kwa mia, isipokuwa visiwa vichache vilivyoachwa kwa hali yao.

Kenya mambo yalianza kwa njia nyingine kabisa. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, na wajumbe wake wote walikuwa wa kuteuliwa. Mwaka 1920 Wazungu walipata kuchagua wajumbe 11, nao walikatiwa maeneo yao juu ya ardhi. Baada ya shauri la 1923 Wahindi walipewa viti 5 vya kuchaguliwa na Waarabu kiti 1. Kwa hiyo mpaka mkubwa wa uchaguzi wa siku zile haukupita mtoni wala mlimani. Ulipita katikati ya watu. Katika mji mmoja kama Mambrui, jirani wawili waliosali msikiti mmoja waliweza kutengwa na daftari: huyu aandikwe kuwa Mwarabu apige kura, yule asiandikwe. Mombasa Waswahili wa Thenashara Taifa walidai waingizwe katika daftari hilo, na mwanzoni wakakataliwa. Jambo hilo liliacha uchungu uliodumu miaka mingi. Ama Waafrika, hawakuwa na mjumbe wa rangi yao hata mwaka 1944, alipoteuliwa Bwana Eliud Mathu.

Waafrika walichagua wajumbe wao mara ya kwanza Machi 1957. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima, na Pwani yote ilikuwa eneo moja, kutoka Vanga hata Lamu, pamoja na Taita na bonde la mto Tana. Aliyeshinda ni Bwana Ronald Ngala, mwalimu. Kura zenyewe hazikuwa sawa, maana mtu aliweza kuwa na kura 1, 2 au 3 kwa kadiri ya elimu yake, mapato yake, mali yake na utumishi wake. Mwaka uliofuata viti vikafanywa 14. Mombasa ikatengwa, ikamchagua Bwana Francis Khamisi, na Bwana Ngala akabaki na sehemu ya mashamba na vijiji. Katika uchaguzi wa 1961 viti 33 viliachwa wazi kwa watu wote, na vingine 20 vikawekwa akiba: 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia na 2 vya Waarabu. Ndipo Wilaya ya Kilifi, na Malindi na Mambrui ndani yake, ilipopata kiti chake. Bwana Ngala alikitwaa.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Mambrui ilikuwa ndani ya ule ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, uliokodishwa kwa Waingereza mwaka 1895. Kisheria pwani ilikuwa nchi ya himaya, na bara nyuma yake ilikuwa koloni. Lakini Wilaya ya Kilifi iliuvuka mstari huo: Mambrui i ufukoni, Ganze i barani. Basi mpiga kura wa nchi ya Sultani na mpiga kura wa koloni walitia karatasi zao katika hesabu moja. Wakati huo wako waliotaka pwani ijitenge, na Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kulichunguza shauri hilo, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Mapatano yalitiwa saini Oktoba 1963. Mipaka ya uchaguzi ilikuwa imekwisha kuwaunganisha watu kabla ya wakubwa kuandika hati.

Kwa uchaguzi wa Mei 1963 Tume iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton iliikata nchi katika maeneo 117. Vilevile kulikuwa na Baraza la Seneti lenye viti 41. Seneti ilipoondolewa, mwisho wa 1966, maeneo 41 yaliongezwa, yakawa 158. Baadaye yakawa 188 katika uchaguzi wa 1988, na Magarini lilikuwa mojawapo ya majina mapya. Kisha 210 mwaka 1997. Kisha 290 kwa Katiba ya 2010.

Katiba hiyo ilitoa kanuni iliyo wazi. Huchukuliwa hesabu ya watu wote, wakubwa kwa watoto, ikagawanywa kwa 290. Hesabu ya 2009 ilikuwa watu 38,610,097, na kipimo kikawa watu 133,138 kwa kila mjumbe. Eneo laweza kuzidi au kupungua kwa 30 kwa mia. Miji mikubwa, na nchi yenye watu wachache waliotawanyika, huruhusiwa 40 kwa mia. Tena Tume hutakiwa kuangalia mito na milima, miji, njia za mawasiliano, na ujamaa wa watu katika historia, uchumi na mila. Mwaka 2012 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza maeneo mapya. Bahari ikakatwa kuwa Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini, Rabai ikatolewa Kaloleni, na Kaunti ya Kilifi ikawa na maeneo 7 badala ya 5.

Sasa tuzitazame hesabu. Kwa watu wa 2009, Rabai ilikuwa na watu 97,185, Ganze 137,664, Kaloleni 155,739, Malindi 162,712, Kilifi Kusini 171,607, Magarini 177,241 na Kilifi Kaskazini 207,587. Rabai imepungua kipimo kwa 27 kwa mia, nayo imo ndani ya sheria. Kilifi Kaskazini imezidi kwa 56 kwa mia, hata kuvuka kile kipimo kikubwa cha 40. Kura moja ya Rabai ina uzito wa kura mbili na zaidi za Kilifi Kaskazini, na mwendo baina yao ni wa saa chache tu kwa gari. Kaunti nzima, yenye watu 1,109,735, ilistahili viti 8 na zaidi kwa kipimo cha nchi, ikapata 7. Sababu moja ni kwamba Katiba ilikataza eneo lolote la zamani lisifutwe katika marekebisho ya kwanza. Maeneo madogo ya sehemu nyingine za nchi yakabaki, na viti 80 vilivyoongezwa havikutosha kusawazisha yote.

Shauri la Magarini ni gumu zaidi. Eneo hili lina kilometa za mraba zipatazo 6,979, zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti, ilhali Malindi ina 627 hivi. Ile ruhusa ya 40 kwa mia ilifikiriwa hasa kwa ajili ya nchi kama hiyo, ili mjumbe asishindwe kuwafikia watu wake. Kwa ruhusa hiyo Magarini ingeweza kuwa na watu 79,883 tu. Lakini ruhusa hukata pande mbili. Magarini ilipewa watu 33 kwa mia zaidi ya kipimo, na upana wote ule juu yake. Wala si heshima ya kura peke yake iliyo hatarini. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka 2003, sehemu 75 kwa mia ya fedha iligawanywa sawa kwa kila eneo, liwe na watu wengi au wachache. Mtoto wa eneo lenye watu wengi aombapo msaada wa karo hushindana na wenzake wengi zaidi kwa mfuko uleule.

Kwa upande wa Mambrui kuna shida nyingine ambayo hesabu haiwezi kuimaliza. Kwa biashara na ujamaa wa mji kwa mji, Mambrui yaelekea Malindi. Kwa mto, yaelekea Magarini. Katiba yataja mito, nayo yataja ujamaa, wala haisemi kipi kishinde. Mambrui ikihamishwa kusini, Magarini itapunguziwa mzigo, lakini Malindi, ambayo nayo imezidi kipimo, itaongezewa. Na mashamba ya bara yatabaki bila mji mmoja mkubwa wa pwani katika sauti yao.

Hesabu ya 2019 ilionyesha watu 47,564,296 nchini na 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Kipimo hupanda kuwa karibu 164,015. Katiba yataka mipaka irudiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati ambapo Tume haikuwa na makamishna, tangu Januari 2023 hata Julai 2025. Tume inapoifanya kazi hiyo hutakiwa kusikiliza maoni ya wananchi wa mahali, na atakaye kusikilizwa afaa kwenda na majina ya vijiji, njia na hesabu za watu. Uamuzi ukishatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mtu yeyote asiyeridhika ana siku 30 za kuupeleka mbele ya Mahakama Kuu, nayo hutakiwa kukata shauri hilo ndani ya miezi 3.