Hirizi, Kichupa cha Mafuta na Jirani Yangu

Siku niliyobatizwa, mchungaji alikata kamba yangu ya kiunoni kwa wembe. Tulikuwa watoto tisa tumepanga mstari kando ya lambo, kila mmoja na hirizi yake. Zilirundikwa juu ya jiwe, zikamwagiwa mafuta ya taa, zikawashwa. Ngozi ikanuka, sisi tukaimba. Wiki tatu baadaye bibi yangu alinifunga nyingine, nyembamba zaidi, akaniambia niifiche chini ya bukta nikienda kanisani.

Enzi hizo Bariadi, kwetu, ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu tumeupata mwaka 2012. Nimeishi hapa miaka yote, nikilima pamba na, kwa misimu kadhaa, nikiwa karani wa mizani. Sikusomea theolojia. Ninachokijua kuhusu uhuru wa kiroho nimekijua kwa kuukosa kwanza.

1. Wembe hukata kamba tu

Injili si ngeni kwetu. Kule Nassa, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ambako leo ni wilaya ya Busega, wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifungua kituo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 wenzao wa Africa Inland Mission wakakipokea. Kwa hiyo bibi yangu alizaliwa injili ikiwa tayari imepiga hodi. Alijua nyimbo nyingi kuliko mimi. Alisali asubuhi na jioni. Na aliponifunga ile hirizi ya pili hakuona kwamba amemsaliti Mungu. Aliona amefunga mlango wa nyuma baada ya mchungaji kufunga ule wa mbele.

Nilimcheka bibi kwa miaka mingi. Nikajiona msomi wa Biblia, mtu wa mlango mmoja. Wakati huo nilikuwa sijapata mtoto.

2. Hirizi yangu mimi ilikuwa ya chupa

Mwanangu wa pili alianza kuumwa kabla hajafikisha mwaka. Mikono na miguu ilivimba, akalia usiku kucha, kisha ikanywea kana kwamba hapakuwa na kitu. Baada ya wiki chache, tena. Msimu wa mvua na baridi hali ilikuwa mbaya zaidi. Tulipewa dawa za malaria, za minyoo, za kila kitu. Ndipo rafiki akanipeleka kwenye huduma moja ya maombezi, mbali na kwetu, yenye spika kubwa na foleni ndefu kuliko ya mbegu.

Kwa mganga nisingekwenda, mimi ni Mkristo. Lakini pale nililipia kichupa cha mafuta ya upako, nikalipia maji, kisha nikaambiwa nitoe sadaka ya kujikomboa. Nilitoa fedha ya pamba karibu yote. Nilirudi na kichupa mfukoni, nikapaka mafuta yale kwenye fremu za milango, kwenye kitanda, kwenye paji la uso wa mtoto. Yalipobaki kidogo nilianza kuogopa yataisha. Usiku mmoja nilisahau kupaka, nikaamka saa nane kwenda kupaka, mkono ukitetemeka.

Nikiwa nimesimama gizani na kichupa kile nilimkumbuka bibi. Kamba yake ilikuwa ya bure, na wala hakunifanya niamke usiku.

Siwabezi wanaoombea wagonjwa kwa mafuta. Yakobo ameyataja katika waraka wake, na wazee wa kanisa letu hufanya hivyo bila kumtoza mtu senti. Shida yangu ni lile neno "kujikomboa". Mtu aliyekwisha kukombolewa anajikomboa kutoka kwa nani, na fedha inakwenda kwa nani? Paulo alipowaandikia Wagalatia alikuwa na hasira ambayo sijaiona katika barua zake nyingine, na kisa chenyewe ndicho hiki: watu waliokwisha kufunguliwa wanajirudisha wenyewe kwenye kufuli. Nimesoma waraka ule mara nyingi. Siku hizi nausoma kama mtu anayesoma barua ya kuitwa baraza la kata.

3. "Nani?" lilikuwa swali baya kuliko ugonjwa

Kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, na kwa yule mtumishi wa spika kubwa, swali la kwanza huwa moja: nani anakuchukia? Ugonjwa ni lazima uwe na mwenyewe. Mtumishi alifumba macho, akasema anamwona mwanamke mzee, jirani, macho mekundu.

Jirani yangu ni mwanamke mzee. Ana macho mekundu.

Asiyeijua Usukuma huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Kwa miaka mingi vikongwe wa mikoa yetu wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao kwa sababu ya rangi ya macho. Sheria ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, wakati ule ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa. Lakini ramli haihitaji tunguri. Inaweza kupigwa kwa kipaza sauti, Biblia ikiwa wazi mezani.

Na macho mekundu yanatoka wapi? Nitachukua nafasi kidogo hapa, maana hili lilinichukua miaka kuliunganisha. Miti ya Usukuma ilifyekwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kampeni za wakoloni za kufyeka vichaka ili kufukuza mbung'o, halafu mashamba ya pamba na mifugo vikamaliza kilichobaki. Ndiyo maana wazee walijua thamani ya ngitili, eneo lile la malisho linalofungwa ili nyasi na miti vipate kupumua. Kuni zikiwa adimu, mwanamke hupikia alichonacho: kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na mashina ya pamba yanayong'olewa baada ya mavuno ili wadudu wasipate makazi. Moshi wake ni mkali. Mwanamke anayeuinamia kwa miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani?

Kwa hiyo tumemchoma macho kwa moshi wa chakula chetu, kisha tukamshtaki kwa macho hayo. Mimi sikuchukua panga. Niliacha tu kumsalimia. Kwa Msukuma, kumpita mtu mzima bila salamu tayari ni kumzika, na wanangu waliniona nikimzika kila asubuhi.

4. Jibu lilikuwa ndani ya damu yangu

Mtoto alizidiwa, tukapewa rufaa hadi Bugando, Mwanza. Walipima damu. Daktari, binti mdogo tu, alituketisha mimi na mke wangu akatuchorea kwenye karatasi: chembe nyekundu ya kawaida ni mviringo, za mwanetu hujipinda kama mwezi mchanga, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu na uvimbe hutokea. Selimundu. Akatueleza kwamba mtoto huirithi kwa baba na mama, ambao wenyewe wanaweza kuibeba maisha yote bila kuumwa hata siku moja.

Niliuliza tena, kama mtu asiyesikia vizuri. Kwa baba na mama? Ndiyo, baba.

Nilikuwa nimelipa fedha ya pamba kumtafuta aliyemtia mwanangu ugonjwa, na kumbe ni mimi. Bila chuki, bila kujua, bila kosa. Yesu aliunganisha ukweli na uhuru, kama Injili ya Yohana inavyosimulia, na mimi nilizoea kuhubiri kifungu kile nikimaanisha mafundisho ya kanisa. Siku ile ukweli ulikuwa karatasi yenye michoro ya kalamu ya bluu. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ukuta, nikaliangalia ziwa kule chini. Kitu kilichokuwa kimenikaba tangu kile kichupa kiliachia. Mtoto alikuwa bado mgonjwa, tena ugonjwa wa maisha. Lakini hapakuwa na adui tena.

5. Aliyeroga ni mimi

Katika sura ile ile ya Yohana, waliokuwa wakimsikiliza Yesu walikasirika. Wao ni wana wa Abrahamu, wafunguliwe kutoka kwa nani? Akawaelekeza kwenye dhambi zao wenyewe. Hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapokatikia. Tunaomba tufunguliwe kutoka kwa maadui, husuda, mizimu, roho za ukoo, na orodha ikiisha hakuna aliyejitaja.

Basi nijitaje. Msimu ule nilikuwa kwenye mizani ya rula, ya kupimia pamba. Wakulima wana hila zao, wanatia mchanga na maji kwenye pamba ili iongezeke uzito, na sisi makarani tulikuwa na yetu. Kidole kidogo tu mahali pake, jicho la haraka, na unaandika pungufu. Kilo mbili kwa kila mfuko. Kwa siku nzima ya foleni, hesabu mwenyewe. Fedha niliyotolea sadaka ya kujikomboa ilitoka humo, na sehemu yake ilitoka kwenye mifuko mitano ya jirani yangu mwenye macho mekundu.

Kama katika njia ile ya kwetu kuna mtu aliyekula jasho la mwenzake kisirisiri, bila kuonekana, akaamka asubuhi na uso mkavu, hakuwa yeye.

6. Masala Kulangwa alikata sikio

Kila mtoto wa Kisukuma wa rika langu anamjua Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto wake, Masala Kulangwa, alikua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka hai. Wahubiri wetu hupenda kusimulia kwamba huyo ni Kristo, na mapadre wawili wa shirika la Maryknoll waliofanya kazi Shinyanga, Joseph Healey na Donald Sybertz, walikichambua kisa hicho katika kitabu chao cha mwaka 1996.

Ila wahubiri wengi huishia tumbo linapopasuka. Bibi alikuwa akimalizia. Kisu cha Masala kilikata sikio la kikongwe mmoja aliyekuwa humo ndani. Akatoka akitukana: badala ya shukrani, akataka kumdhuru aliyemwokoa. Na Masala hakumlaumu. Alikwenda kutafuta dawa, akatibu sikio.

Nilikuwa nikidhani kipande hicho ni cha kuchekesha watoto. Nilipoanza kuvuka njia kwenda kwa jirani yangu kuomba msamaha, sikio langu lilikuwa linawaka moto. Nilirudi nyumbani mara mbili. Ya tatu nikafika.

"Mwadila mayu."

"Mwadila mwanangu. Leo umeuona mlango?"

Nikamweleza yote, ya mtumishi na ya salamu. Akasema alijua tangu zamani; waliokuwa hawajui ni kuku wangu, maana waliendelea kuja kula kwake. Nikamweleza ya mizani, kilo mbili kila mfuko. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nilihesabu tatu."

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nilirudisha mara moja, kwa kilo tatu, na hata hiyo kwa awamu mbili. Kazi ya mizani niliiacha.

7. Baada ya kufunguliwa kuna kazi

Hili nitalisema kwa ufupi. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kijitabu juu ya uhuru wa Mkristo, na hoja yake naiweka kwa maneno yangu: imani inakunyanyua usiwe chini ya mtu yeyote, upendo unakushusha uwe chini ya kila mtu. Wazee wetu walikuwa na kaulimbiu ya "Uhuru na Kazi" kwa sababu zao za kisiasa. Sisi na vijana wa kanisa tulichanganya udongo, tukamjengea jirani yangu jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Halafu la mama yake katekista. Halafu mengine.

8. Bundi bado analia

Nisidanganye. Bundi akilia juu ya paa, moyo wangu bado unaruka. Mwanangu akianza kulalamika mgongo usiku, kabla sijafikia dawa zake na maji ya kunywa, lile neno "nani" hupita kichwani kama panya kwenye dari. Nimeacha kujilaumu kwa hilo. Nalisikia likipita, nawasha taa, namimina maji.

Mtoto yuko sekondari sasa. Jioni huvuka njia kwenda kumsomea bibi yule, kwa kuwa macho hayaoni vizuri tena; jiko lilikuja limechelewa, na wekundu haukuondoka. Mwezi uliopita tulipata mgeni kutoka Maswa. Alimwona amekaa mlangoni, akanivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, yule bibi vipi?

Nikamwambia ni jirani. Tukisafiri, funguo za nyumba tunamwachia yeye.